Unataka kuanza na Mungu lakini hujui pa kuanzia: hatua nane

Kila Jumapili ibada ikiisha, watu wawili watatu hubaki nje chini ya mwarobaini wakisubiri wenzao waondoke. Wakiona pametulia, mmoja husogea na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mimi nimekulia kanisani, nyimbo nazijua, lakini huyo Mungu mnayemsema kama mtu mnayemfahamu, mimi simfahamu. Nafanyaje?"

Swali hili nimeulizwa na kijana wa bodaboda wa Nkuhungu, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyekuwa analia, na mama mwenye meza ya mboga pale Majengo aliyenifuata mara tatu kabla hajathubutu kulitamka. Nafundisha darasa la ubatizo katika kanisa la mtaani hapa Dodoma. Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, na kila mara kuna kitu nasahau. Sasa naliandika lote, ulisome kwa nafasi yako bila kumwonea aibu mtu.

Neno moja kwanza, kwa sababu linawahusu wengi wa huku kwetu. Injili ilifika mapema katika mkoa huu. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na kutoka huko habari ikasambaa Mvumi, Kongwa na vijiji vya Wagogo. Leo unakuta mtu ambaye bibi yake alibatizwa, mama yake akabatizwa, na yeye ana cheti cha ubatizo ndani ya bahasha kabatini. Namshukuru Mungu kwa hao bibi. Lakini shamba la baba unaweza kulirithi, urafiki wa baba na jirani yake huwezi kuurithi. Huo sharti uujenge wewe, kwa kwenda kubisha hodi mwenyewe. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kwenda.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Biblia. Agano Jipya peke yake linatosha kwa mwezi wa kwanza. Kama Kiswahili cha Union Version, ile ya 1952 ambayo wengi wetu tumekulia nayo, kinakuwia kizito, chukua Habari Njema, lugha yake ni ya siku hizi. Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao yake hapahapa Dodoma, kwa hiyo kwa walio mjini kupata Biblia si kazi kubwa. Ya kwenye simu inafaa pia, lakini kwa mwanzo nashauri ya karatasi. Simu ina meseji, na meseji haina adabu.

Daftari la kawaida la mwanafunzi na kalamu.

Dakika ishirini kwa siku ambazo zina mwenyewe. Nikisema zina mwenyewe namaanisha umezitenga, hata kama dunia inataka kuzichukua.

Mahali. Si lazima chumba cha peke yako, wengi hatuna. Kijana mmoja alitumia nyuma ya banda la kuku. Mama mmoja alitumia muda ambao maji ya ugali yanachemka. Mahali pawe palepale kila siku, mwili uzoee.

Mtu mmoja aliyetembea na Mungu kwa miaka, unayeweza kumwambia ukweli. Awe mzee wa kanisa, mama wa jumuiya, katekista, shangazi. Tutamhitaji hatua ya tano, anza kumfikiria sasa.

Usivyovihitaji ni vingi zaidi. Huhitaji nguo mpya. Huhitaji lugha ya kanisani. Mungu anasikia Chigogo, anasikia Kirangi, anasikia na Kiswahili cha kijiweni. Huhitaji mafuta ya upako wala maji ya chupa. Huhitaji pesa, na narudia hili kwa sababu linawaumiza watu: huhitaji shilingi hata moja. Na huhitaji kujisafisha kwanza. "Nikishaacha pombe ndipo nije" ndiyo sentensi inayowachelewesha watu kuliko zote nilizosikia. Mgonjwa hasubiri apone ndipo aende hospitali.

Hatua ya 1: Mfahamu unayetaka kumkaribisha

Hapa watu huruka. Wanataka sala ya toba leo, jioni hii, waondoke wamemaliza. Mimi nakuomba usiharakishe. Huwezi kumkaribisha nyumbani mtu ambaye humjui sura wala tabia, na wengi wetu picha tuliyo nayo ya Mungu tumeichukua kwa baba mkali, au kwa mwalimu wa fimbo, au kwa mhubiri aliyekuwa akipiga kelele sana.

Fungua Injili ya Marko. Ina sura kumi na sita, ndiyo fupi kuliko Injili zote nne. Soma sura mbili kwa siku, utamaliza kwa siku nane. Baada ya kila sura andika majibu ya maswali matatu kwenye daftari, kwa maneno yako:

Yesu amefanya nini hapa? Amemtendeaje mtu mnyonge, au mwenye kosa, au mwenye kiburi? Kuna kitu gani ambacho sikipendi au sikielewi?

Hilo swali la tatu usiliruke. Andika. Kijana mmoja aliandika, "Sielewi kwa nini Yesu aliulaani mtini." Mwingine aliandika, "Sipendi kwamba alimwambia tajiri auze vyote." Vizuri. Kuuliza si dharau. Wanafunzi wake walikuwa wakimuuliza kila siku, na Marko hajaficha jinsi walivyokuwa wazito kuelewa.

Kosa la kawaida: kuanza na Mwanzo kwa nia ya kusoma Biblia nzima. Utafika Mambo ya Walawi, utachoka, utaiweka juu ya kabati. Mwingine huanza na Ufunuo kwa sababu anataka kujua mwisho wa dunia. Mwisho wa dunia utakusubiri. Anza na Marko.

Hatua ya 2: Sema ukweli juu yako

Siku ya tisa usisome sana. Soma Zaburi ya 51 taratibu, halafu chukua karatasi ambayo haijashikana na daftari, maana hii hatutaitunza.

Andika makosa yako kwa majina yake. Usiandike "mimi ni mwenye dhambi," maana hiyo kila mtu husema na haimgharimu kitu. Andika: nilimdanganya mke wangu kuhusu mshahara. Nilitoa mimba. Namchukia kaka yangu kwa sababu ya kile kiwanja. Nilikwenda kwa mganga na hirizi ninayo mpaka leo. Naangalia picha chafu usiku. Yaandike kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na bila kuandika ya mwenzako.

Ukimaliza, msomee Mungu kwa sauti ya chini. Yeye anayajua tayari. Wewe ndiye unayehitaji kusikia kinywa chako kikiacha kujitetea. Kisha pokea ahadi hii iliyo katika 1 Yohana 1:9, "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Halafu itie karatasi kwenye jiko la mkaa, iungue yote. Kama wewe ni Mkatoliki, baada ya hapo nenda kwa padri kwa kitubio, na utakwenda ukijua unachokwenda kusema.

Onyo: toba si ya hadhara. Usiweke orodha yako kwenye kundi la WhatsApp. Usisimame mbele ya kanisa zima ukataja mtu uliyezini naye, utavunja nyumba ya mtu asiyejua lolote. Na mtumishi yeyote anayekulazimisha kumweleza mambo ya chumbani mkiwa wawili peke yenu na mlango umefungwa, ondoka hapo.

Onyo la pili kwa wenye hirizi au vitu vya mganga. Viache. Huwezi kumwambia Kristo "nakuamini" huku mkono mwingine umeshika kinga ya pili. Lakini vitoe vyako tu. Usiingie chumbani kwa bibi ukachoma vya kwake; kwa kufanya hivyo utakuwa umemvunjia heshima, na imani haitakuwa imemfikia.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini inawezekana

Hapa pana nadharia kidogo, nitakuwa mfupi. Ukristo hausemi kwamba Mungu anakusamehe kwa sababu umelia sana, wala kwa sababu kosa lako ni dogo. Unasema kwamba Yesu alikufa msalabani akiubeba mzigo ambao wewe usingeweza kuulipa, na siku ya tatu Mungu akamfufua, kwa hiyo unayezungumza naye ni mtu aliye hai. Soma Waefeso 2:8-9. Neno la kushika hapo ni neema, yaani zawadi ambayo hukuifanyia kazi. Ukiikosea hatua hii utabaki unalipa deni lililokwisha kulipwa, na utachoka vibaya.

Soma pia ile habari ya mwana mpotevu, Luka 15. Angalia kitu ambacho wengi hawakioni: yule kijana alikuwa ametunga hotuba njiani, kwamba akifika aombe afanywe kama mmoja wa watumishi. Alipofika akaanza kuisema, na baba hakumwacha afike kwenye hiyo sehemu ya utumishi. Alikuwa ameshaagiza kiatu na pete.

Hatua ya 4: Mkaribishe

Sisi tunajua hodi. Mgeni wa heshima haingii kwa nguvu, anasimama nje anasema hodi, na mwenye nyumba asipojibu karibu, atasimama pale au ataondoka. Ufunuo 3:20 inamwonyesha Kristo hivyohivyo: "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Na barua yenye maneno hayo haikuandikiwa wapagani. Iliandikiwa kanisa la Laodikia, watu waliokuwa na ibada na jina na mali, na Bwana wao akiwa nje ya mlango. Nilipolielewa hilo nilinyamaza siku nzima.

Tafuta mahali pako. Piga magoti, au kaa, au simama. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali na sala yake ilikuwa sentensi moja. Sema kwa lugha unayoiotea ndoto. Kama maneno hayaji, tumia haya, lakini uyabadilishe yawe yako:

"Bwana Yesu, mimi ni fulani (taja jina lako). Nimekusikia tangu utotoni lakini nimeishi kama vile hupo. Nimekosa, unayajua niliyoandika na yale niliyoshindwa kuyaandika. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na Mungu akakufufua. Nisamehe. Karibu. Uwe Bwana wa fedha yangu, mwili wangu, kazi yangu na nyumba yangu. Sijui kesho nitakuwaje, ila kuanzia leo mimi ni wako. Nishike. Amina."

Kisha nyamaza dakika mbili. Usitafute kitu. Nyamaza tu, kama unavyonyamaza mbele ya mtu unayemheshimu ukimpa nafasi.

Ukimaliza, andika tarehe kwenye daftari. Tarehe haina nguvu yoyote ya pekee, ila siku utakayoshambuliwa na mashaka utapata pa kushika. Chini yake nakili Yohana 1:12.

Kosa la kawaida: kungoja mwili utetemeke. Wengine hulia, wengine huona amani, wengine hawasikii chochote na wanakwenda kulala. Mimi nilinyoosha mkono kwenye mikutano ya injili mara tatu pale uwanjani, na mara zote nilirudi nyumbani nikisema haikushika, kwa sababu mwenzangu alianguka chini na mimi nilibaki nimesimama. Mara ya nne nilikuwa peke yangu shambani jioni, upepo wa Julai ukivuma, sikusikia lolote zaidi ya upepo. Nilisema tu, "Bwana, nimechoka kukukwepa." Hiyo ndiyo siku ninayoihesabu.

Hatua ya 5: Mwambie mtu mmoja ndani ya siku tatu

Warumi 10:9 inaunganisha moyo na kinywa. Nenda kwa yule mtu uliyemfikiria. Huna haja ya ushuhuda mrefu. Sema: "Mama, nimemkaribisha Yesu maishani mwangu. Naomba uniombee, na nikipotea unitafute." Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ya muhimu. Umempa ruhusa ya kukufuatilia, na mama wa Kigogo ukishampa ruhusa ya kukufuatilia hutalala mpaka amejua ulikokuwa.

Usianze na kutangaza kwa marafiki wote wa kijiweni. Mche mchanga haupandwi katikati ya njia ya ng'ombe.

Hatua ya 6: Dakika ishirini kila siku

Hii ndiyo kazi yenyewe. Yaliyotangulia ni mlango. Watu wengi wanaorudi kwangu baada ya miezi miwili wakisema "ilikufa," nikiwauliza wanaonyesha hapa. Walifungua mlango, wakasema karibu, halafu hawakukaa na mgeni.

Asubuhi ni bora kwa wengi, kabla simu haijawashwa. Kwa madereva na walinzi wa usiku, chagueni saa yenu. Nagawanya dakika hizo hivi:

Dakika mbili za salamu. Sisi huku hatuanzi mazungumzo bila salamu, ukimkuta mzee utasema mbukwa hata kama nyumba inaungua. Msalimie Mungu vivyo hivyo. Mshukuru kwa vitu vitatu vya jana vyenye majina: mvua iliyonyesha Kizota, mtoto aliyeshuka homa, mteja aliyelipa.

Dakika nane za kusoma. Ukishamaliza Marko, ingia Yohana, sura moja kwa siku, sura ishirini na moja. Ukifika kwenye mstari unaokugusa, simama. Usikimbizane na sura. Andika mstari huo.

Dakika saba za kujibu. Hapa ndipo sala inapoacha kuwa shairi. Mjibu Mungu juu ya ulichosoma. Yesu amesema msihukumu, na wewe una mtu unayemhukumu, mtaje. Kisha omba mahitaji yako waziwazi: ada, ugonjwa, mume asiyerudi. Ombea na mtu mmoja asiye wa nyumbani kwako.

Dakika tatu za ukimya. Ni ngumu. Mawazo yatakwenda sokoni. Yakienda, yarudishe kwa kusema "Bwana, nipo," na usijigombeze.

Ukikosa siku moja, kesho yake anza pale ulipoachia. Usijaribu kulipa dakika arobaini. Huyu si mkopeshaji wa riba.

Onyo: usigeuze dakika hizi kuwa bei. Kuna mtu aliniambia, "Mwalimu, nimeomba siku thelathini mfululizo na kazi sijapata." Nilimwelewa, alikuwa na watoto watatu. Lakini nilimwambia ukweli: huko ni kununua, si kukaa na Baba. Omba kazi, ndiyo, tena kwa machozi. Ila usiifanye kazi kuwa kipimo cha kama Baba yupo.

Hatua ya 7: Rudisha na urekebishe

Zakayo wa Luka 19 hakuishia kula na Yesu. Alisema nusu ya mali atawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakuna aliyemlazimisha.

Nitasimulia langu, maana siwezi kukuambia ufanye kitu nisichokifanya. Kabla ya kuanza kufundisha nilikuwa nikinunua alizeti vijijini. Debe langu nilikuwa nimeligonga kwa ndani, pande zikatokeza nje, likawa linabeba zaidi ya debe la halali. Wakulima waliona mwujiza wa magunia yao kupungua, hawakujua sababu. Miezi michache baada ya ile jioni ya shambani nilikuwa nasoma habari za mizani katika Mithali, nikashindwa kuendelea. Nilikaa wiki mbili nikijadiliana na Mungu. Mwishoni nilikwenda na fedha kwa watu wanne niliokumbuka majina yao. Mmoja alinifukuza. Wawili walipokea bila neno. Wa nne, mzee, alizihesabu pesa polepole, akazifunga kwenye shuka, kisha akasema, "Basi huyo Mungu wako ni wa kweli, kama amekurudisha huku kwa miguu." Yule mzee alikuja kanisani mwaka uliofuata.

Anza na moja. Angalia moyoni ni nani unayemkwepa njiani. Deni, uongo, kiwanja, mtoto uliyemkana. Kama jambo ni zito, la mahakama au la kuvunja ndoa, mtafute kwanza mchungaji au padri mwenye busara kabla hujafungua kinywa. Na kama mtu fulani alikuumiza kwa kukupiga au kukudhalilisha, kumsamehe hakumaanishi kurudi kuishi naye. Salama yako kwanza, na vyombo vya sheria vipo.

Hatua ya 8: Ingia katika kanisa na ubaki

Mkaa ukiutoa jikoni na kuuweka peke yake sakafuni, unazimika. Tafuta watu. Kama una kanisa la ukoo, Anglikana, Katoliki, KKKT (Walutheri), Moravian, Pentekoste au jingine, anza hapo kwanza kabla hujafikiria kuhama. Wengi hudhani wakihama kanisa ndio wameokoka, kumbe wamehama benchi tu. Jiunge na jumuiya ya nyumba kwa nyumba, maana kwenye ibada ya watu mia tano unaweza kujificha, na kwenye jumuiya ya watu tisa ukikosekana wataulizana.

Ukilazimika kuchagua kanisa jipya, yapime kwa haya: Biblia inasomwa na kuelezwa, au ni hadithi za mhubiri tu? Yesu ndiye anayetajwa zaidi, au mtumishi na picha zake? Mahesabu ya sadaka yanasomwa? Maskini anaheshimiwa? Ukiambiwa baraka yako imefungwa mpaka utoe kiasi fulani, toka. Ukiambiwa utupe dawa za presha, za kisukari, za ARV kwa sababu umeponywa, toka haraka zaidi, na dawa zako uendelee nazo. Aliyeponywa kweli haogopi kupimwa na daktari.

Kama hujabatizwa, omba kuingia darasa la ubatizo. Kama ulibatizwa mtoto na sasa unajiuliza kama urudie, hapo makanisa yanatofautiana kweli: wengine hubatiza waaminio wazima tu, wengine huamini ubatizo ni mmoja na haurudiwi. Zungumza na mchungaji wako, na usikubali swali hilo likufanye uache kusali.

Ukikwama

"Nimerudia kosa lilelile." Wengi hurudia. Usikae mbali na Mungu wiki mbili kama adhabu uliyojipangia. Rudi siku hiyohiyo, tubu, halafu uwe mtu wa vitendo: kama kosa linaanzia kwenye baa fulani, badilisha njia ya kurudi nyumbani. Kama linaanzia kwenye simu usiku, simu ilale sebuleni. Na mwambie yule mtu wako wa hatua ya tano.

"Nina mashaka kama haya yote ni kweli." Yapeleke kwenye sala. Baba mmoja katika Marko 9:24 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake aliponywa. Sala hiyo inaruhusiwa kila asubuhi.

"Nyumbani hawataki." Mume anakejeli, au wazazi ni wa imani nyingine, kama ilivyo kwa ndugu wengi wa upande wa Kondoa. Usibishane mezani. Heshimu wazazi kuliko ulivyokuwa ukiwaheshimu, fanya kazi za nyumbani vizuri zaidi, salamu zako ziwe za upole zaidi. Wengi wamesikia Injili kwa kuona mkwe aliyekuwa mkali amelainika. Ukitishwa maisha, hilo ni jambo jingine, tafuta msaada.

"Huzuni hainiachi, sitaki hata kuamka." Omba, na uende hospitali. Hospitali ya Mirembe iko hapahapa mjini kwetu, na watu wanaitaja kwa utani unaoumiza. Kwenda kutibiwa akili si kukosa imani, kama ambavyo kwenda kutibiwa malaria si kukosa imani.

"Mwanzoni nilikuwa na furaha, sasa Mungu amenyamaza." Hili nitalijibu kwa urefu, kwa sababu limewatoa wengi njiani. Kwanza jichunguze: kuna kitu unakijua na unakificha? Unalala saa za kutosha? Umeacha jumuiya? Kama jibu liko hapo, rekebisha hapo. Lakini mara nyingi hakuna kosa lolote. Nenda Hombolo au Mpunguzi wiki ambayo wakulima wa zabibu wamemaliza kupogoa. Utaona visiki vimefungwa kwenye nyaya, hakuna jani, hakuna kivuli. Mgeni wa pwani atakuambia shamba limekufa. Mwenye shamba atacheka, maana Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno hutanguliwa na mkasi. Yesu katika Yohana 15 anasema Baba ndiye mkulima, na kwamba tawi linalozaa ndilo analolisafisha ili lizidi kuzaa. Katika kipindi hicho usiongeze kelele. Endelea na dakika zako ishirini hata zikiwa kavu, tumia maneno ya zaburi wakati yako yamekwisha. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atasahau hata lini. Isome kwa sauti.

"Kijijini kwetu mchungaji huja mara moja kwa mwezi, sina wa kunishika mkono." Yupo. Karibu kila kijiji cha huku kina mama mzee ambaye Jumapili hufika kanisani kabla ya kengele na kufagia. Nenda kwake jioni, beba kigoda chako na kuni kidogo. Baada ya salamu zote, muulize: "Bibi, wewe asubuhi unamwambia Mungu nini?" Kisha kaa, usimkatishe.